Timu ya Kuzikana

Siku ya arobaini ya mjomba wangu, mwaka 2021, baada ya hitima kusomwa na wageni wa mbali kuondoka, tulikaa barazani kwake Mchukwi kugawana vitu vyake vya mkononi. Minazi na mikorosho sheikh alikwisha kuisemea. Vilivyobaki ni vile visivyomshughulisha mtu wa mirathi: baiskeli, redio, shoka, kofia mbili, na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda tangu mimi ni mtoto. Ndani ya sanduku mlikuwa na kanzu, daftari kubwa lenye jalada gumu, na fulana moja kuukuu iliyokunjwa kwa uangalifu kama kitu cha harusi.

Mtoto mmoja akauliza ile fulana ni ya nani. Mke wa mjomba akajibu bila kuniangalia: "Hiyo na daftari lake apewe katibu."

Katibu ni mimi. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyekuwa ameniita kwa cheo kile, na mjomba mwenyewe alikuwa ameacha kuniita hivyo tangu mwaka 1992, akarudi kuniita "mpwa wangu" kama zamani. Wazee wawili waliokuwepo wakainamisha nyuso. Walijua, na mimi nilijua.

Mjomba alikwenda Dar es Salaam mwaka 1971 na mzigo wa mikeka ya ukindu iliyosukwa na mama yake. Aliuza mikeka, hakurudi. Alipata kibarua cha kupakua mizigo bandarini, akapanga chumba Mbagala, wakati huo Mbagala ikiwa bado ni minazi na mikorosho, na mtu wa Kariakoo akisikia unaishi huko anakuuliza kama simba hawajakusumbua. Watu wa kwetu walipenda kukaa upande ule kwa sababu rahisi: ndiko barabara ya kwetu inakoingilia mjini. Ukikaa Mbagala unaliona kila lori linalotoka Kibiti, unamwona nani amekuja na nani anarudi, na barua yako au mfuko wako wa maembe unakufikia kabla haujapotea mjini.

Mwaka 1979 alifariki kijana wa Mchukwi aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye. Zilikuwa siku za shida ya petroli, nchi imetoka vitani Uganda. Mwenye lori alitaja bei ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Watu walichanga, wakapungukiwa, wakachanga tena, na maiti ikalala siku mbili, jambo ambalo kwetu ni aibu na ni dhambi. Baada ya mazishi, mjomba na wenzake kumi na mmoja wakaanzisha chama cha kuzikana. Kila mwezi mtu atoe kidogo, ili akifa mmoja wao arudishwe akalale kwao.

Wazee walilipa. Vijana hawakulipa. Kijana wa miaka ishirini haamini kwamba atakufa, na ukimdai fedha ya sanda anakuona unamtakia mabaya. Hapo ndipo mjomba alipopata wazo ambalo mpaka leo naliona ni la akili sana kwa mtu aliyeishia darasa la nne. Alinunua mpira. Akatangaza kwamba kutakuwa na timu ya Mchukwi, itacheza kila Jumapili, na asiyelipa ada ya mazishi hachezi. Ndani ya miezi miwili chama kikawa na vijana thelathini, wote wamelipa.

Daftari lake ndilo lililokuwa chama chote. Kurasa za mkono wa kulia aliziandika juu MAITI, za mkono wa kushoto MPIRA. Kulia kulikuwa na safu nne: jina, tarehe, gari, kiasi. Kushoto kulikuwa na mabao, namba za wachezaji, bei ya chaki na deni la soda. Mkono wa kushoto ulikuwa unachekesha, wa kulia ulikuwa hauchekeshi, na ukilifungua daftari uliviona vyote viwili kwa mara moja.

Jezi zilipatikana mwaka 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo hata sabuni ilikuwa habari. Mtu mmoja alipata fulana nyeupe kumi na nne kwa njia ambayo hatukuiuliza. Tulitaka rangi, rangi hakuna, zikachovywa katika buluu ya kufulia. Mvua ikinyesha wakati wa mechi, ile buluu ilishuka mpaka kwenye kaptula na miguuni, na watazamaji wakasema tunayeyuka. Kisha akapewa fundi wa mabango aandike jina kifuani. Fundi hakuwa mtu wa kwetu, aliandika alivyosikia: MCHUKI. Fulana kumi na nne, zote MCHUKI. Watani wakatuita timu ya chuki. Mjomba akamwendea fundi cherehani akaomba vipande vya kitambaa, akakata herufi W kumi na nne kwa mkono wake na kuzishona moja moja, akizibana katikati ya K na I hata kama hapakuwa na nafasi. Fulana niliyopewa ni mojawapo ya zile. Buluu imekwisha, herufi za rangi zimefifia, ila W bado iko, nyeusi, imekaa upande.

Nilihamia Dar es Salaam mwaka 1984 kusoma sekondari. Mwaka 1988 wakanifanya katibu kwa sababu nilikuwa na hati nzuri na nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nitaeleza nilichokifanya, lakini kwanza nieleze habari ya Wagiriki, maana bila hao nisingekuwa na la kuandika.

Mgiriki kwa watu wa rika la mjomba si mtu wa vitabuni. Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge Kilosa na Tanga na ya kahawa na tumbaku kwingineko, na mkata mkonge alimjua bwana shamba Mgiriki kama alivyomjua Mhindi mwenye duka. Ila hatukuwahi kuwafikiria kama watu waliohama kwao kwa shida. Mtu mwenye shamba humdhanii kuwa na shida.

Januari mwaka 2000 nilisoma katika ukurasa wa michezo kuhusu mashindano ya kwanza ya klabu bingwa ya dunia yaliyokuwa yakichezwa Brazil. Macho yangu yalikuwa kwa Manchester United, kama ya kila mtu. Katika kundi lao kulikuwa na timu ya Australia iitwayo South Melbourne. Walifungwa mechi zote tatu. Manchester waliwafunga 2-0 katika uwanja wa Maracanã, mabao yote mawili ya Quinton Fortune, kijana wa Afrika Kusini, nasi tulifurahia jambo hilo kwa haki yetu ya Uafrika. Kisha nikasoma kwamba hao South Melbourne walianzishwa na wahamiaji wa Kigiriki na kwamba jina lao la asili ni South Melbourne Hellas. Hellas ndilo jina ambalo Wagiriki wenyewe huita nchi yao.

Nikaanza kutafuta habari zao kidogo kidogo, na kadiri miaka ilivyokwenda nikapata nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, Ugiriki ilikuwa maskini, na mwaka 1952 serikali yake ikaandikiana mkataba na Australia wa kupeleka watu huko. Wakaenda kwa meli, wengi wao watu wa vijijini, wakaingia viwandani Melbourne. Mwaka 1959 timu tatu ndogo, South Melbourne United, Hellenic na Yarra Park Aias, zikaungana zikawa Hellas. Waaustralia wenyewe walikuwa na mpira wao mwingine wa kushika kwa mikono, na soka wakaiona mchezo wa wageni. Kwa hiyo wageni wakaachiwa soka, nao wakaifanya nyumba yao. Wakroatia walikuwa na timu yao, Waitaliano yao, Wagiriki yao. Mtu aliyeamrishwa wiki nzima kiwandani kwa lugha asiyoijua vizuri, Jumapili alisimama Middle Park akapiga kelele kwa Kigiriki na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Hawakuwa wadogo kimpira. Walikuwa mabingwa wa Australia mwaka 1984, 1991, 1998 na 1999. Ubingwa wa 1991 waliuchukua kwa penalti dhidi ya timu ya Wakroatia wa Melbourne, na kocha wao alikuwa Ferenc Puskás, yule yule Mhungaria wa Real Madrid. Puskás alikuwa amewahi kufundisha Panathinaikos ya Athens na kuifikisha fainali ya Ulaya mwaka 1971, kwa hiyo alijua Kigiriki kuliko Kiingereza, na Kigiriki hicho kilimtosha kuishi pale klabuni. Nahodha wake aliyekuwa akimsaidia kutafsiri na kumwendesha kwa gari alikuwa Ange Postecoglou, aliyezaliwa Athens na kupelekwa Melbourne akiwa mtoto wa miaka mitano. Huyo Postecoglou ndiye aliyekuwa kocha wao kule Brazil, na mwaka 2025 aliiongoza Tottenham ya London kutwaa Kombe la Europa.

Nililipeleka lile gazeti la mwaka 2000 kwa mjomba, Mbagala. Wakati huo timu yetu ilikuwa na jina jingine na ilikuwa inakufa. Nilimsomea habari yote, polepole, nikimweleza kwamba hawa nao ni watu wa kijijini waliokwenda mjini wakatia jina la kwao kifuani. Alisikiliza huku akikuna nazi, maana mkewe alikuwa anaumwa. Nilipomaliza akaniuliza swali moja:

"Na wanazikana?"

Nikasema sijui, gazeti halikuandika.

"Basi hiyo ni timu ya mpira tu," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nilichotaka kumsomea zaidi, na sikuthubutu, ni habari ya jina. Katikati ya miaka ya 1990 wakuu wa soka wa Australia waliamua kwamba majina na alama za mataifa ya watu ziondoke katika klabu. Walitaka mchezo uwe wa Waaustralia wote, wadhamini waje, familia zisiogope ugomvi wa Wagiriki na Wakroatia na Waserbia. Hellas ikaondolewa katika jina, na kwa muda wakajiita Lakers, kwa kuwa uwanja wao mpya ulikuwa kando ya ziwa. Uwanja wa zamani wa Middle Park ulikuwa umebomolewa kupisha mashindano ya magari. Ligi ile ya taifa ikafungwa mwaka 2004, na ilipoanzishwa mpya mwaka 2005 South Melbourne hawakuwemo. Mabingwa wa Oceania waliocheza Maracanã wakarudi ligi ya jimbo. Mwaka 2014 likatoka katazo jingine la majina ya kikabila kwa klabu mpya, na mwaka 2019 wakubwa wale wale wakalifuta. Ilichukua muda mrefu kugundua kwamba neno Hellas halikuwa limemuua mtu.

Sisi Afrika Mashariki tulikwisha kuyapitia haya kabla yao. Nairobi, mwaka 1964, Waluhya waliohamia mjini waliunda timu ya Abaluhya. Mwaka 1968 Wajaluo wakaunganisha timu zao wakapata Gor Mahia, jina la mganga wao mashuhuri wa zamani. Ulipofika mwisho wa miaka ya 1970 serikali ya Kenya ikaagiza majina ya kikabila yafutwe. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia wakajiita kwa muda Gulf Olympic Rangers, na ukizisoma herufi za mwanzo unapata GOR, nadhani karani aliyepokea fomu ile alijua na akatabasamu. Jina la Gor Mahia likarudi, na mwaka 1987 ndilo lililotwaa Kombe la Washindi la Afrika. Na Leopards? Mashabiki wakaitafsiri kwa lugha yao wakaiita Ingwe, yaani chui, na Uluhya ukarudi kwa mlango wa nyuma. Serikali iliweza kubadilisha fomu. Midomo ya watu elfu ishirini uwanjani haikuiweza.

Kwetu Tanzania jambo hili lilikuwa jepesi zaidi, kwa sababu nyingine. Vyama vya kikabila vya Dar es Salaam, ambavyo zama za mkoloni vilikuwa vingi na vilifanya kazi hiyo hiyo ya kuzikana, vilikwisha baada ya Uhuru, na kwa jumla hatukusikitika. Klabu zetu kubwa hazikuwa na jina la kabila. Yanga ya mwaka 1935 ilijiita Young Africans, Waafrika vijana, neno pana linalomtosha kila mtu. Watani wao wa mwaka 1936 walipitia majina ya Kiingereza, Queens, Eagles, kisha Sunderland, jina la mji wa Uingereza ambao nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona, na wakawa Simba mwaka 1971. Hakuna aliyelia kwa ajili ya Sunderland. Kwa hiyo nilipokuwa kijana niliamini kwamba jina la timu ni kama rangi ya nyumba, ukitaka unapaka nyingine.

Mwaka 1992 timu yetu ilifikia kiwango cha kutaka kusajiliwa ili tutoke mchangani tucheze ligi za chini zinazotambulika. Nikapeleka fomu katika ofisi moja ambayo sina sababu ya kuitaja. Bwana mmoja mpole akanikaribisha kiti, akasoma fomu, akasema jina la kijiji katika timu ya mjini si zuri. Nchi inaingia katika vyama vingi, akasema, na watu wanaanza kujitenga. Leo timu ya Mchukwi, kesho timu ya kabila fulani, keshokutwa chama cha siasa cha kabila fulani. Akanishauri tutafute jina la wote. Hakunilazimisha, na hakutaka chochote. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu ya kweli, na hofu ile nami niliiona ni ya busara, kwa sababu nilikuwa mjini, nimesoma, na moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha kuona haya kidogo kwa jina la kijijini. Hilo la mwisho sikulisema kwa mtu wakati ule.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyeeleza hoja. Nilisema vizuri, mno. Nilitaja Sunderland na Simba. Nilisema vijana wa makabila mengine wanataka kujiunga na wanashindwa. Mjomba alisimama mara moja tu. Alisema: "Jina hili si la kufukuza mtu. Ni la kujua maiti inapelekwa wapi." Vijana wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Kura zilipohesabiwa jina jipya likashinda kwa mbali. Lilikuwa jina la mnyama mkali, sitaliandika, maana timu za jina hilo zimejaa nchi nzima.

Mjomba alinikabidhi kila kitu cha timu: mpira, nyavu, filimbi, fulana kumi na tatu. Daftari hakulitoa. Nikanunua jipya.

Nisiwe mtu wa kudanganya. Timu ilikuwa bora kuliko zamani. Tulipata beki Mnyakyusa ambaye hapakuwa na mfano wake Mbagala nzima, tukapata kipa wa Kigoma, mwaka 1993 tukachukua kombe la mbuzi na mbuzi mwenyewe tukamla siku ile ile. Ubaya haukuingia kwa mlango wa mpira. Uliingia kwa swali ambalo yule kipa aliuliza katika kikao, kwa adabu na kwa haki kabisa: kwa nini sehemu ya ada yake inakwenda kupeleka maiti Mchukwi wakati yeye akifa hatapelekwa Kigoma? Hatukuwa na jibu. Nauli ya kwenda Kigoma na nauli ya kwenda Mchukwi si kitu kimoja. Tukatenganisha mifuko. Wa mpira ukaendelea. Wa mazishi ukaachiwa watu wa Mchukwi wenyewe, kwa hiari, na vijana, ambao sasa waliweza kucheza bila kuulipia, wakaacha kuulipia. Mwaka mmoja ulitosha.

Mwaka 1995 alifariki seremala mmoja wa kwetu, aliyechezea timu tangu zile fulana za buluu, namba tatu, mguu wa kushoto. Aliugua muda mfupi. Mfuko ulikuwa na fedha ya sanda na kidogo tu juu yake. Nilikimbia huku na huku siku nzima nikarudi na nusu ya bei ya gari. Jua likawa linazama, tukamzika makaburi ya mjini, watu kama arobaini, wengi wao hawamjui. Mama yake alifika kesho yake kwa basi. Alimleta mjukuu amshike mkono kwa sababu macho yake hayakuwa mazima. Aliomba aonyeshwe kaburi, akaonyeshwa, akauliza upande wa kwao ni upi. Mjomba akamgeuza kwa mabega akamwelekeza kusini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na daftari jipya mkononi. Sijui kwa nini nilikuwa nimelibeba.

Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Watu wa kwetu wana namna ya kutokulaumu inayozidi lawama.

Sasa narudi kwa swali lake. Miaka mingi baadaye nilikuja kupata jibu, na limenisumbua kuliko kutojua. Wagiriki wa Melbourne hawakuhitaji Hellas iwazike. Walikuwa na jumuiya yao ya Kiorthodoksi iliyoanzishwa mwaka 1897, yenye kanisa na mapadri. Walikuwa na gazeti lao la Kigiriki, Neos Kosmos, tangu mwaka 1957. Jina lilipoondolewa kifuani waliumia na wakakasirika, na walikuwa na haki, lakini Ugiriki wao ulikuwa umesimama juu ya nguzo nyingine tatu nne. Hata wale waliowatangulia, wakimbizi wa Kigiriki waliofukuzwa Uturuki miaka ya 1920 kwa idadi iliyozidi milioni moja, walipounda AEK mwaka 1924 na PAOK mwaka 1926, walificha mji wao waliopoteza katika herufi moja tu. Ile K katika majina yote mawili ni ya Konstantinopoli. Herufi moja iliwatosha, kwa sababu mengine yote yalikuwa yameandikwa kwingine.

Sisi msikiti ulikuwa wa watu wote wa Mbagala, na ni sawa. Gazeti hatukuwa nalo, kabila halikuwa na chama, na hiyo nayo naendelea kuamini ni sawa. Kwa hiyo vyote tulivyokuwa navyo kama watu wa mahali fulani vilikuwa ndani ya daftari moja na herufi saba kifuani, moja ya hizo imeshonwa kwa mkono. Yule bwana wa ofisini aliona ukabila mahali palipokuwa na nauli ya gari. Lakini yeye hakuwa wa kwetu, angejuaje? Mimi ndiye niliyekuwa najua kurasa za kulia zina nini, na sikumwambia.

Timu yenyewe ilikufa mwaka 2001. Kiwanja kilijengwa nyumba, na wachezaji walikuwa wa mitaa mingi mno kuweza kutafuta kingine. Mjomba alirudi Mchukwi mwaka 2003.

Usiku ule wa arobaini nililifungua daftari kwa mwanga wa taa. Nilidhani litaishia mwaka 1992. Upande wa kushoto, wa mpira, ndivyo ulivyo: mechi ya mwisho kabla ya mkutano wa mwembeni, 2-1, deni la soda chupa sita. Baada ya hapo kurasa za kushoto ni nyeupe. Za kulia zinaendelea. Mwaka kwa mwaka, kwa kalamu tofauti, jina, tarehe, gari, kiasi. Kila mtu wa Mchukwi aliyefia Dar es Salaam na habari ikamfikia. Safu ya kiasi ina fedha ndogo ndogo, elfu tatu, elfu tano, na ni wazi kwamba zilikuwa zake peke yake. Hata baada ya kurudi kijijini aliendelea, safari hii akiandika waliopokelewa.

Nilimtafuta seremala. Yuko mahali pake, 1995, jina kamili na namba yake ya jezi katika mabano. Katika safu ya gari ameandika neno moja: hakuletwa. Hakuandika kwa nini wala kwa sababu ya nani.

Jina la mwisho ni la mwaka 2020. Chini yake mstari ulikuwa wazi. Nikamwomba mtoto kalamu, nikaandika jina la mjomba na tarehe. Nilipofika kwenye safu ya gari nikasita, kisha nikaweka kistari, kwa sababu alifia kitandani kwake na tulimbeba mabegani mpaka makaburini, ni mwendo wa dakika kumi.